Somo la Ufundi: Kuchagua Spana za Gari la Nyumbani

Leo tunazungumza juu ya spana. Huenda wewe mwenyewe huna gari. Lakini huenda ndugu yako analo, au wewe na wenzako mmechanga fedha mkanunua pikapu kuukuu ya kubebea mahindi, kama tulivyofanya sisi. Gari kuukuu likifika kijijini, shida yake hujulikana upesi. Fundi yuko mjini, na mji uko mbali. Waya wa betri ukilegea, gari linalala hapo hapo na mzigo wake. Inabidi mtu apande basi kumfuata fundi. Fundi alipiwe nauli ya kuja na kurudi, apewe chakula, kisha alipwe kazi yenyewe. Na akifika anatoa spana moja ya namba 10, anakaza nati moja, amemaliza. Mnabaki mnatazamana.

Kwa sababu hiyo tuliamua kununua vifaa vyetu wenyewe. Na hapo ndipo tulipokosea.

KOSA LETU LA KWANZA

Tulikwenda mjini na fedha za mchango mkononi. Dukani tukaona sanduku jekundu, zuri, lenye vipande 94, vyote vinang'aa kama vijiko vya harusi. Muuzaji akatuambia eti hilo ndilo sanduku la mafundi wakubwa. Bei ilikuwa ndogo. Jamani, vipande 94 kwa bei ile! Tukalipa bila kuuliza zaidi.

Wiki hiyo hiyo soketi ya 17 ilipasuka kama ganda la karanga. Tulikuwa tunafungua bolti ya kawaida tu. Baadaye tulikaa chini tukahesabu. Karibu nusu ya vile vipande vilikuwa vichwa vidogo vya bisibisi, kila kimoja kama punje ya mhindi. Gari letu halina hata skrubu moja ya aina hiyo. Kwa mwaka mzima, katika vipande 94 tulitumia 9.

Kwa hiyo hesabu ya vipande haituambii kitu. Swali la kuuliza kwanza ni hili: gari langu lina nati za namba gani?

PIMA GARI KABLA YA KWENDA DUKANI

Chukua rula, penseli na daftari. Fungua boneti. Kila spana imeandikwa namba, tuseme 12. Namba hiyo ni upana wa mdomo wa spana kwa milimita. Ni sawa na upana wa nati inayoingia humo. Weka rula juu ya nati, upime kutoka upande mmoja bapa hadi upande bapa unaoutazama. Usipime kona kwa kona, maana utapata namba kubwa kuliko ya kweli.

Kama unawasomea wenzako ukurasa huu, simama hapa kidogo. Wape rula, kila mmoja apime nati moja ya baiskeli au ya plau, aandike namba aliyoipata.

Sisi tulipopima Toyota Hilux yetu, kila nati tuliyowahi kuigusa ilikuwa na moja ya namba hizi sita: 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Ya 10 ni ya vichwa vya betri na vitu vidogo vidogo. Ya 12 na ya 14 ndizo nyingi kabisa. Ya 17 na ya 19 ziko chini, kwenye springi na sehemu nzito. Ya 21 ni nati za magurudumu. Spana za namba sita tu, na gari karibu lote limefunguka.

Lakini usizichukue namba zetu kama zilivyo. Gari lako laweza kuwa la kabila jingine. Bolti yenye unene wa milimita 8 hupewa kichwa cha 12 katika magari mengi ya Japani. Bolti hiyo hiyo katika magari mengi ya Ulaya hupewa kichwa cha 13. Na gari kuukuu limepita mikono mingi. Bolti ya asili ilipotea, fundi wa njiani akatia ile aliyokuwa nayo mfukoni. Sisi tuliikuta 13 moja kwenye Toyota yetu, mahali ambapo Mjapani hakuiweka. Hakuna kitabu kinachoweza kukuambia habari hiyo. Rula itakuambia.

INCHI NA MILIMITA

Kuna magari na matrekta ya zamani ambayo nati zake si za milimita, ni za inchi. Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ni mojawapo. Trekta za zamani za Massey Ferguson pia. Spana zake zimeandikwa kwa sehemu: 7/16, 1/2, 9/16, 3/4. Hapa ndipo zile hesabu za sehemu tulizojifunza darasani, ambazo wengine tulizilalamikia sana, zinapopata kazi.

Inchi moja ni milimita 25.4. Nusu inchi ni 25.4 gawanya kwa 2, yaani milimita 12.7. Sasa tazama. Ukitia spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi, inaingia. Unafurahi. Lakini imebaki nafasi ya milimita 0.3. Ukivuta kwa nguvu, spana inacheza, inakamata kona tu na kuzila. Mara ya pili nati imekuwa duara kama shanga. Hapo hakuna spana itakayoishika tena. Utaikata kwa tindo, au utaipeleka kwa mchomeleaji.

Robo tatu inchi ni milimita 19.05, karibu sawasawa na 19. Hizo mbili huazimana bila ugomvi. Nyingine zipatie spana yake. Spana ya inchi kwa nati ya inchi.

AINA ZA SPANA

Spana ya mdomo wazi hukamata nati kwa pande mbili tu. Spana ya ringi huizunguka nati yote. Ukitaka kulegeza nati iliyokaza, tumia ringi. Ikishalegea, mdomo wazi unakwenda haraka zaidi. Ipo spana yenye vyote viwili, huku ringi huku mdomo, namba ile ile. Mafundi huiita kombinesheni. Ukiwa na fedha kidogo, anza na kombinesheni za zile namba ulizoziandika kwenye daftari.

Soketi, zile za boksi spana, zifuate baadaye. Zinafaa sana mahali penye kina ambapo mkono haufiki. Tazama ndani ya soketi. Kuna zenye pembe 6 na zenye pembe 12. Zenye 12 ni nyepesi kuingiza, lakini za 6 hukamata ubapa wa nati vizuri zaidi na hazili kona upesi. Kwa nati zenye kutu za magari yetu, sisi tunachagua za 6. Mpini wake, ile racheti inayolia krr-krr, ni wa kukazia na kufungulia nati ambayo tayari imeachia. Ndani yake mna meno madogo. Nati iliyoshika sana ilegeze kwanza kwa mpini mrefu usio na meno, maana ukiilazimisha racheti, meno yatakatika.

Iko pia spana ya kurekebisha mdomo, ambayo vijana wa gereji huiita spana malaya kwa sababu inakwenda na nati yoyote. Jina si la adabu, ila ukweli wake uko hapo: inakubali kila nati lakini haishiki yoyote kwa uaminifu. Tunayo moja. Tunaitumia kushikilia upande wa pili, au kwa bomba la maji.

Utajuaje kama spana ni nzuri? Nyingi huandikwa "Chrome Vanadium", yaani chuma kilichochanganywa na kromu na vanadiamu ili kiwe kigumu. Lakini maneno huandikwa na yeyote, hata kwenye chuma cha sufuria. Sisi hufanya hivi: tunakwenda dukani na nati yetu mfukoni. Tunaitia kwenye spana papo hapo mbele ya muuzaji. Ikicheza sana, tunairudisha. Tunatazama pia kama mdomo una kingo sawa na kama namba imechapwa ndani ya chuma chenyewe. Muuzaji akikasirika, maduka ni mengi. Pia mtaani kwa mafundi, kama kule Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, zinapatikana spana zilizotumika za viwanda vizuri. Spana nzuri kuukuu ni bora kuliko mbovu mpya.

JEKI NI YA KUINULIA, STENDI NDIYO YA KUSHIKILIA

Sasa tunakuja kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Ungependa kutumia fedha yote kwenye spana. Nasi tulitaka hivyo. Stendi tulisema tutanunua msimu ujao.

Ilikuwa wakati wa masika. Tulikuwa tunatafuta oili inapovuja. Tuliinua Hilux upande wa mbele kwa jeki, mwenzetu mmoja akalala chini ya injini. Akaita spana ya 14. Hakuna aliyeiona, kumbe ilikuwa imesahaulika ndani ya beseni. Akatoka mwenyewe kuitafuta, huku anatugombeza. Alikuwa ameinama juu ya beseni tuliposikia gari linashuka. Kitako cha jeki kilikuwa kimezama upande mmoja kwenye udongo mbichi, jeki ikalala. Chuma cha chini ya injini kilikaa chini pale pale alipokuwa ameweka kifua. Hakuna aliyesema neno. Mke wake alikuwa mlangoni, ameona yote.

Stendi tulizinunua Jumatatu iliyofuata, kwa fedha tulizokuwa tumewekea soketi.

Jeki ya mafuta inashikiliwa na mipira midogo iliyo ndani yake. Mpira ukichakaa, mafuta hupita na jeki hushuka polepole, au ghafla. Jeki ya kukunja inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi tu. Hakuna jeki ya kulalia chini yake, hata iwe mpya namna gani. Stendi ni mguu wa chuma wenye pini au meno. Haina mafuta wala mpira wa kuchakaa. Nunua mbili, na usome uzito ulioandikwa juu yake. Pikapu tupu ina uzito unaozidi tani 1. Chagua stendi zilizoandikwa tani 2 au 3, na jeki vivyo hivyo. Kama hazina maandishi, ziache dukani.

Kazi yenyewe ifanywe hivi. Shusha mzigo wote. Simamisha gari mahali tambarare pagumu. Weka kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Kumbuka kwamba breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, breki hiyo haina maana tena, na kabari za mbele ndizo zitakazolizuia gari. Chini ya jeki weka ubao mnene na mpana, ili isizame. Inua, weka stendi chini ya fremu, kisha shusha gari likae juu ya stendi. Halafu lisukume kwa mkono, ulitikise. Likicheza, panga upya. Bora lianguke wakati bado umesimama nje. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya fremu, liwe mlinzi wa pili.

Tofali usitumie, hata la saruji. Tofali halitoi ishara. Linabeba, linabeba, kisha linapasuka mara moja.

NGUVU KIASI GANI?

Kuna kijana aliyekuwa akikaza nati za magurudumu kwa kuruka juu ya spana kwa miguu miwili. Alisifiwa sana. Hebu tufanye hesabu yake.

Nguvu ya kukaza huhesabiwa kwa uzito na urefu wa mpini. Kilo 10 zikining'inia mwisho wa mpini wa mita 1, hiyo ni kama nyutoni mita 98. Nati za magurudumu za Toyota ndogo nyingi hutakiwa kukazwa kwa nyutoni mita 103. Yaani kilo 10 na nusu tu, kwa mpini wa mita moja. Mpini wa nusu mita, kilo 21. Sasa kijana wetu ana kilo 70 na mpini wake ni nusu mita. Hata akisimama tu bila kuruka, ametia nyutoni mita 343. Hiyo ni mara tatu na zaidi! Stadi huvutika, nyuzi zake huharibika. Siku ya pancha, usiku, mvua inanyesha, mama mjamzito yumo ndani ya gari, nati haifunguki au stadi inakatika. Nguvu za kijana zimemponza mtu mwingine.

Kaza kwa mkono, mwili umesimama, kwa kuvukana kama nyota na si kwa mzunguko. Legeza kabla ya kuinua gari. Kaza mara ya mwisho likiwa chini, na uziangalie tena baada ya safari ya kwanza. Spana ya kupimia nguvu ipo, huitwa torki renchi. Ni ghali. Mkipata uwezo, nunueni moja ya kikundi.

VITU VIDOGO

Bisibisi mbili za ubapa, kubwa na ndogo, na mbili za msalaba. Koleo la kawaida, ambalo wengi huita plaizi. Nyundo. Brashi ya waya ya kusugulia kutu kabla ya kutia spana, maana kutu huizuia spana isiingie vizuri. Beseni la kumwagia oili chafu, nayo oili hiyo isimwagwe shambani wala karibu na kisima. Spana ya plagi kwa gari la petroli. Plagi nyingi ni 16 au 21, pima kwanza.

Tunaongeza kimoja ambacho wengi hukidharau: mita ya umeme. Ni ndogo na bei yake si kubwa. Betri iliyojaa, gari limezimwa, huonyesha volti kama 12.6. Injini ikiunguruma, inatakiwa ipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, betri haipati chaji, basi kagua belti na altaneta kabla ya kununua betri mpya. Sisi tuliwahi kununua betri mpya bure kwa kutojua hilo.

Ukifungua betri, anza na waya wa alama ya kutoa, na wakati wa kufunga uwe wa mwisho. Sababu ni hii: waya huo umefungwa kwenye bodi ya gari. Ukianza na ule wa kujumlisha na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka, na betri hutoa gesi inayolipuka.

Kama gari lako ni la kisasa lenye kompyuta, spana zote hizi bado zinatakiwa. Ila taa ya injini ikiwaka, inahitajika mashine ya kusoma makosa. Hiyo mwachie fundi mwenye nayo. Vivyo hivyo mifuko ya hewa ya usukani, pampu ya dizeli na springi za kukunja. Breki usizifungue mpaka fundi amekuonyesha kwa mkono wake, naye akakutazama ukifanya.

DAFTARI LA SANDUKU

Spana ya 10 hupotea kuliko zote. Hatujui kwa nini. Sisi tumepaka mipini rangi ya buluu, na ndani ya kifuniko tumebandika orodha. Anayeazima huandika mwenyewe jina lake, namba ya spana na tarehe. Zamani aliandikiwa na mtunza sanduku, ugomvi haukwisha. Tangu kila mtu aandike kwa mkono wake, tumepoteza spana moja tu, nayo ilimezwa na mto.

MASWALI

1. Pima nati tano za baiskeli, plau au gari. Andika namba zake kwa mpangilio, kuanzia ndogo.
2. Nati ni ya inchi 5/8. Ni milimita ngapi? Je, spana ya 17 inaifaa?
3. Gari limeinuliwa nyuma. Kabari ziwekwe wapi, na kwa nini?
4. Mama wa kilo 60 amesimama mwisho wa mpini wa nusu mita. Je, amezidisha nguvu inayotakiwa kwa nati ya gurudumu ya Toyota ndogo?

Majibu: (2) Milimita 15.875, spana ya 17 haifai, italegea na kula kona. (3) Kwenye magurudumu ya mbele. Breki ya mkono hushika ya nyuma tu, nayo yako hewani. (4) Ndiyo, ni kama nyutoni mita 294, karibu mara tatu ya 103.